Lisle 65600 kwenye Ford Triton 5.4: kifaa cha kutoa plagi iliyokatikia ndani, na jinsi ya kufungua plagi bila kukihitaji

Ukinunua pikapu ya Ford F-150 ya 2004 hadi 2008 yenye injini ya Triton 5.4, uwe Houston, Minneapolis au Maskati, umenunua pia plagi nane zenye tabia ya kukatikia ndani ya silinda hedi siku ya kufunguliwa. Mara nyingi si uzembe wa fundi. Plagi hiyo ina vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa kubanwa tu. Cha chini huganda kwenye hedi, cha juu kikageuka na soketi. Lisle 65600 imetengenezwa na kampuni ya Lisle ya Clarinda, jimbo la Iowa, kwa kazi hiyo moja tu: kutoa kipande kilichobaki shimoni bila kufungua hedi.

Hukumu yetu ni kwamba kifaa ni kizuri na kinafaa kununuliwa, lakini kiwe mkononi kabla hujagusa plagi ya kwanza. Watu wengi hufanya kinyume. Plagi hukatika Jumamosi jioni, gari liko wazi uwanjani, duka la vipuri limefungwa, na hapo huanza kuchokoa kwa bisibisi na koleo. Kuchokoa huko ndiko kunakoangusha vipande vya kauri juu ya pistoni, na kazi ya saa mbili inageuka kuwa kazi ya kufungua hedi. Marekani bei yake kwa kawaida haifiki dola 100, na baadhi ya maduka makubwa ya vipuri huazima vifaa vya aina hii kwa dhamana inayorudishwa. Piga simu uulize kwanza, wakuwekee.

Injini zinazohusika

Tatizo hili ni la Triton zenye valvu tatu kwa kila silinda. Ford waliileta 5.4 ya valvu tatu na F-150 ya umbo jipya ya 2004, kisha ikaingia kwenye Expedition na Lincoln Navigator za 2005, pikapu za Super Duty na Lincoln Mark LT. Ndugu zake, 4.6 ya valvu tatu iliyomo kwenye Mustang na Explorer, na 6.8 ya silinda kumi ya valvu tatu, zina plagi za muundo huohuo na zina ugonjwa huohuo. Mwishoni mwa 2007 Ford walibadilisha hedi pamoja na plagi, kwa hiyo gari la 2009 au 2010 halina shida hii. Gari la 2008 linaweza kuwa na hedi ya zamani au mpya kulingana na tarehe ya injini yenyewe. Njia ya haraka ya kutambua ni kuvuta koili moja, ile inayokaa juu ya plagi na kuipa umeme wa cheche, na kutazama raba yake: raba nyeusi ni ya plagi za zamani za vipande viwili, raba ya kahawia ni ya hedi mpya. Ila kama gari limepita mikononi mwa watu wengi, koili zinaweza kuwa zimebadilishwa, kwa hiyo usiitegemee rangi peke yake.

Usichanganye injini hii na Triton ya valvu mbili iliyotangulia, ambayo ilikuwemo pia kwenye F-150 Heritage ya 2004. Ile ina ugonjwa wa kinyume kabisa. Hedi zake nyingi zina thredi chache za kushika plagi, na plagi hurushwa nje injini ikiwa inaunguruma. Vifaa vya kutibu ile haviingiliani na hiki, ingawa vyote huuzwa kwa jina la Triton. Wanaonunua mtandaoni hukosea hapa, basi soma namba 65600 kwenye picha ya boksi kabla ya kulipa.

Kwa nini plagi hii hukatika

Plagi ya kawaida huishia kwenye thredi. Chini ya thredi kuna ncha fupi na ulimi wa kupokea cheche, basi. Plagi ya valvu tatu ina ala: mrija mwembamba wa chuma wa kiasi cha inchi moja, ulioshuka chini ya thredi mpaka kwenye chumba cha mwako, na ulimi uko mwisho wa mrija huo. Ndani ya ala imepita kauri ndefu. Ala hiyo si chuma kimoja na kiwiliwili cha plagi. Imepachikwa na kubanwa.

Kwenye hedi, ala inakaa ndani ya tundu lenye nafasi ndogo sana pembeni. Kila injini inapowaka, gesi chafu hupanda kwenye nafasi hiyo na kuacha masizi. Maili zikikaribia 100,000 masizi yale yamekuwa kaboni ngumu kama saruji, imeizunguka ala pande zote. Ford waliandika muda wa kubadilisha plagi kuwa maili 100,000, sawa na kilomita 160,000 hivi, na muda huo ndio unaoipa kaboni nafasi ya kukomaa. Ukija na racheti, thredi zinafunguka vizuri, kiwiliwili kinageuka, ala haisogei, na pale zilipobanwa panaachana.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini mafuta ya kulegeza kutu hayasaidii sana hapa. Yale yametengenezwa kwa kutu, na kilichoshika ala ni kaboni. Kinachofaa ni dawa ya kusafisha kabureta, ambayo kazi yake ni kuyeyusha masalia ya mafuta yaliyoungua. Waraka wa ufundi wa Ford namba 08-7-6 wa mwaka 2008 unataka dawa hiyohiyo, na utaratibu wake ndio msingi wa yanayofuata.

Kufungua bila kukata

Injini iwe baridi, joto sawa na la hewa iliyoizunguka. Wapo mafundi wanaofungua ikiwa ya moto kwa hoja kwamba alumini hutanuka kuliko chuma na hivyo huachia. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande wa thredi, ila thredi si ndizo zilizoganda. Alumini ya moto ni laini, na ukiichuna thredi ya hedi umejiongezea tatizo lisilohusu ala hata kidogo. Tunabaki na baridi.

Fungua bolti ya kila koili kwa soketi ya milimita 7, chomoa kichwa cha waya, kisha zungusha koili kushoto na kulia kidogo kabla ya kuivuta juu. Ukivuta moja kwa moja, raba ya zamani huchanika na kubaki ndani. Panga koili kwa namba. Kwenye V8 za Ford silinda ya 1 hadi ya 4 ziko upande wa kulia wa gari kutoka mbele kwenda nyuma, na ya 5 hadi ya 8 ziko kushoto. Namba 4 na 8 zimejificha chini ya ukingo wa kioo cha mbele na ndizo zenye nafasi finyu. Anza na zilizo mbele ili mkono uzoee kabla hujafika huko.

Puliza kila kisima, yaani shimo refu ambamo plagi imekaa, kwa upepo wa kompresa, ukiwa umevaa miwani, maana mchanga wa miaka kumi utakurudia usoni. Chukua soketi ndefu ya plagi ya inchi 9/16, ekstensheni, na racheti ya mkono. Mashine ya upepo au ya umeme ya kufungulia nati haina kazi hapa. Mapigo yake huikata ala kabla mkono haujahisi lolote.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua siku yako. Legeza plagi kwa thumuni ya mzunguko, isizidi robo. Usiendelee. Kwa kulegeza kidogo hivyo, plagi inaachana na kikalio chake na kuacha njia ya dawa kupita kwenye thredi hadi kwenye ala. Isipolegezwa, dawa itabaki juu kama maji kwenye kikombe. Ikilegezwa kupita hapo ikiwa kavu, tayari unaivuta ala isiyotaka kuvutwa.

Mwaga dawa ya kusafisha kabureta kwenye kisima mpaka ipite kidogo usawa wa pembe sita za plagi. Ni kiasi cha nusu hadi robo tatu ya kijiko cha chai. Kipimo hiki wengi hawakiheshimu, wakidhani dawa nyingi italegeza haraka. Dawa inayozidi hushuka kwenye silinda, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Ukija kuwasha injini silinda ikiwa na dawa ya kutosha, pistoni inagonga kimiminika na fimbo yake inapinda. Tumia bomba jembamba la kopo na ubonyeze kidogokidogo huku ukitazama kwa tochi.

Ngoja dakika 15 kwa uchache, bila kugusa plagi. Ukiwa na usiku mzima, gari lilale, ukiongeza dawa mara moja tu jioni. Kwa gari lililopita maili 100,000 na plagi za kiwandani, usiku mmoja ni muda uliotumika vizuri.

Kisha kaza plagi irudi ilipokuwa, halafu legeza, halafu kaza tena. Nenda mbele na nyuma, kila mara ukipata nafasi kidogo zaidi ya awali. Utasikia mlio mkali wa kukwaruza, kama msumari kwenye bati. Mlio huo ni wa kaboni kusagwa, na si wa kutisha. Ford wanasema nguvu ya kufungua inaweza kufika kiasi cha niutoni-mita 45, na hiyo ni nguvu kubwa kwa plagi. Nguvu ikiwa inapanda badala ya kushuka, rudi ukaze, weka matone mengine, ngoja tena. Ikiwa inapungua polepole kila mzunguko, unaelekea kuzuri. Nguvu ikianguka ghafla mpaka soketi inazunguka kama haina kitu, yaelekea ala imeachana. Usiendelee kwa pupa. Toa kipande cha juu taratibu, wima, ili kauri iliyovunjika isimwagike pembeni.

Plagi inayotoka nzima, iweke mezani na uiache hapo. Ni kipimo chako cha urefu kwa zitakazokatika.

Ikikatika: kifaa chenyewe

Tazama shimoni kwa tochi kabla ya kuingiza chochote. Kuna hali mbili za kawaida. Ya kwanza, ala imebaki na kauri imebaki ndani yake, na utaona duara jeupe katikati ya duara la chuma. Ya pili, kauri imetoka na kipande cha juu, ala imebaki tupu kama mrija. Ya pili ni rahisi zaidi, ingawa shimo lake liko wazi moja kwa moja hadi kwenye pistoni, na chochote kitakachodondoka kitafika huko.

Boksi la 65600 lina sehemu mbili za kazi: kisukumio cha kauri na kivutio cha ala. Kisukumio ni kwa hali ya kwanza. Kiwiliwili chake hufungwa kwenye thredi za hedi pale plagi ilipokuwa, na bolti ya katikati huisukuma kauri ishuke ndani ya ala kuelekea kwenye ulimi. Sababu ya kusukuma ni kwamba ala iliyojaa kauri haina pa kushikiwa. Kauri ikishuka, sehemu ya juu ya ala inabaki wazi na kivutio kinapata chuma cha kung'ata. Ulimi uliopo chini ndio unaoizuia kauri isianguke kwenye silinda.

Kwa hapa sifa ni za Lisle. Kwa kuwa kisukumio kinafungwa kwenye thredi, kinasukuma katikati na kwa nguvu inayodhibitiwa, kauri haipasuki ovyo. Wanaopiga kwa nyundo na fimbo ya chuma huipasua kauri vipande na kuupinda ulimi kwa pamoja, na hapo hakuna kinachozuia vipande visishuke. Safisha thredi za hedi kabla ya kufunga kisukumio, kifunge kwa mkono mpaka mwisho, kisha zungusha bolti polepole mpaka kifikie kikomo chake. Usiongeze kwa kudhani kauri ikishuka zaidi ni bora. Kilichobaki ni kikomo cha ulimi, na ulimi ni mwembamba.

Kabla ya kuleta kivutio, weka matone machache ya dawa pembeni mwa ala na ungoje dakika 15 nyingine. Kiwiliwili cha plagi sasa hakipo, kwa hiyo dawa inafika kwenye kaboni bila kupita kwenye thredi. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa wameshapaniki, na ndiyo inayofanya kuvuta kuwe kwepesi.

Kivutio ni skrubu ndefu ambayo ncha yake hujikatia thredi ndani ya ala. Paka ncha hiyo grisi nzito ili vumbi la chuma lishikwe nayo. Ishushe wima, ikae sawasawa katikati, kisha igeuze kulia kwa mkono mmoja ukiwa unabonyeza kidogo. Utahisi pale inapoanza kung'ata. Hapo nenda kwa utulivu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka ishike barabara. Ikiingia upande itakata chuma cha upande mmoja wa ala na kuteleza wakati wa kuvuta. Ikiingia mno itaikuta kauri uliyoisukuma na kuanza kuisukuma tena.

Kinachofuata ni mrija wa kuegemea na nati yake. Skrubu ishikwe isizunguke, nati igeuzwe, na ala ipande moja kwa moja juu bila kuzungushwa. Huo ndio ubora mkubwa wa muundo huu kuliko kitu kingine chochote cha karakana. Mwanzoni nati itakuwa nzito, kisha utasikia mlio mmoja wa kuachia, na kuanzia hapo nati itakuwa nyepesi. Inua polepole mpaka ala itoke kisimani.

Sasa ilinganishe na ile plagi nzima uliyoiacha mezani. Urefu ulingane, ulimi uwepo mwishoni, kauri iwe ndani. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kipo ndani ya injini, na injini hiyo haiwashwi.

Kasoro zake

Ncha ya kivutio huchoka. Kwa mtu mwenye gari moja na plagi mbili zilizokatika haitamsumbua, lakini gereji inayofanya Triton kila wiki itaona ncha inaanza kuteleza, na ala yenye thredi zilizochunwa ni ngumu kushikwa mara ya pili. Isafishe kwa brashi ya waya baada ya kila ala, na usiitumie ikiwa makali yamelala.

Kifaa pia hakina uwezo wa kurekebisha makosa yaliyotangulia. Kosa baya zaidi ni kutumia iziauti, ile skrubu ya kinyume yenye umbo la koni inayotumiwa kutoa bolti zilizokatika. Kwa bolti nene inafanya kazi. Kwa ala ambayo ni mrija mwembamba, koni inautanua mrija na kuubana zaidi kwenye ukuta wa hedi, juu ya kaboni iliyokuwepo. Ala iliyokwisha kutanuliwa hivyo hutoka kwa shida hata kwa kifaa sahihi, na mara nyingine haitoki.

Tena, kwenye namba 4 na 8 kazi ya nati ni ya kuvumilia. Kifaa kinafika chini, tatizo ni nafasi ya mkono juu yake. Tumia spana fupi na ukubali kugeuza kidogokidogo.

Ford wana kifaa chao cha gereji za wakala, Rotunda 303-1203, cha kazi hiyohiyo. Kwa mtu wa nyumbani au gereji ya mtaani hatuoni sababu ya kukitafuta wakati 65600 inapatikana kirahisi na imefanya kazi hii miaka mingi.

Vipande vikidondoka

Kauri ni ngumu kuliko ukuta wa silinda. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kitachora ukuta tangu dakika ya kwanza. Tumia mrija mwembamba wa plastiki uliofungwa kwa tepu kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, uuzungushe juu ya pistoni, kisha tazama kwa kamera ndogo ya mrija. Lakini ngoja dawa ikauke kwanza. Mvuke wa dawa ya kabureta unawaka, na mota ya mashine hiyo inatoa cheche. Rudia kufyonza na kutazama mpaka juu ya pistoni pawe patupu. Sumaku husaidia kwa ulimi uliovunjika, haisaidii kwa kauri.

Kufunga mpya

Plagi zote nane zikiwa nje, futa kaboni kwenye tundu la ala kwa kitambaa kilichoviringwa kwenye kijiti na kuloweshwa dawa kidogo. Kisha hakikisha koili zote zimechomolewa waya, toa rilei au fyuzi ya pampu ya mafuta, na zungusha stata sekunde chache ili dawa iliyoshuka kwenye silinda irushwe nje. Usisimame juu ya injini wakati huo na asiwepo mvutaji sigara karibu.

Kuhusu plagi ya kununua, tunapendelea Champion 7989. Ni ya kipande kimoja, ala yake haiwezi kuachana na kiwiliwili kwa kuwa hakuna mahali pa kuachana. Kaboni bado itaizunguka, na kuifungua baadaye bado kunahitaji dawa na subira, ila hatari ya kubakiza ala haipo. Wapo wanaobaki na Motorcraft, SP-515 na baadaye SP-546, kwa sababu ndiyo ya mtengenezaji. Inafanya kazi vizuri kwenye mwako. Ila bado ni ya vipande viwili, na anayeichagua ajue atakutana na hadithi hiyohiyo.

Paka grisi ya nikeli ya joto kali, aina ya kuzuia vyuma kugandana, kwenye ala peke yake, tabaka jembamba kuizunguka. Isifike kwenye ulimi wala kwenye ncha ya katikati, na usiipake kwenye thredi. Grisi kwenye thredi hupunguza msuguano, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inasoma namba ileile huku plagi ikiwa imekazwa kupita kiasi. Wengi wamezoea kupaka thredi kwenye plagi nyingine zote, na mkono huenda huko wenyewe. Hapa uzuie.

Shusha plagi kwa soketi na ekstensheni bila racheti, igeuze kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kwa toki renchi hadi niutoni-mita 34, sawa na pauni-futi 25. Weka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa raba ya koili. Raba iliyopasuka ibadilishwe sasa, maana maji yakiingia kisimani silinda hiyo itamisi, yaani haitawaka sawasawa, mvua ya kwanza.

Ukiwasha, moshi mweupe wenye harufu ya dawa utatoka dakika chache, kisha utakoma. Kama ulitumia dawa usiku kucha kwenye silinda zote, badilisha oili ya injini kabla ya kurudi barabarani, kwa kuwa sehemu yake imepita kwenye ringi na kushuka chini. Na plagi zinazofuata usizisubirishe mpaka maili 100,000. Zitoe kwenye 60,000, kilomita 97,000 hivi, kaboni ikiwa bado inasikia dawa.